Nyumba ya miaka miwili inauzwa Ipuli, Tabora: nikienda kuikagua niangalie nini?

Mgeni wa Ipuli
Habari wakuu. Nimehamishiwa Tabora mjini kikazi, familia inakuja mwisho wa mwaka, nimechoka kupanga nataka ninunue. Nimepata nyumba Ipuli, vyumba vitatu kimoja masta, sebule, jiko, bati la msauzi, tailizi kote. Ina kama miaka miwili toka imalizwe, mwenyewe kakaa kidogo akahamia Mwanza. Anataka milioni 68, dalali anasema kuna mtu mwingine anaitolea macho. Nimeingia juzi jioni nimeona safi, rangi bado inanukia. Ila chumba cha nyuma kuna ufa umetoka kona ya chini ya dirisha unashuka kwa kulala mpaka karibu na sakafu. Umezibwa ukapakwa rangi ila ukisimama pembeni mwanga ukipiga unauona. Dalali anasema ni plasta tu. Kila ninayemuuliza ananiambia nyumba mpya hiyo itakuwa na shida gani. Nyie mliowahi kununua nyumba karibu mpya mlikagua nini? Na huo ufa ni wa kuogopa?

Kiloleni Kwetu
Rangi inanukia kwenye nyumba ya miaka miwili? Anza hapo hapo. Kapaka kuficha nini.

Dalali Wa Haki
Usimtishe mwenzio bana. Hata ng'ombe akipelekwa mnadani anaogeshwa kwanza. Nauza nyumba hapa Tabora kitambo, kupaka rangi siyo kosa. Cha kuangalia ni kama kapaka sawasawa nyumba nzima au kuna mahali kakazania.

Mgeni wa Ipuli
Kapaka yote mkuu ila hicho chumba cha nyuma rangi ni nzito kuliko kwingine na chini usawa wa skatingi imeanza kuvimba vimba ukigusa inatoka unga mweupe.

Fundi Sururu
Salama wakuu. Mimi ni fundi, nimejenga Tabora, Nzega mpaka Urambo. Nyufa ziko aina nyingi watu wanazichanganya. Zile ndogo ndogo zinazotawanyika kila upande ni plasta imekaushwa na jua, mtu kapiga plasta mwezi wa kumi joto kali halafu hakumwagilia maji, hizo hazina madhara. Ila unaotoka kona ya dirisha ukalala huo ni habari nyingine. Toka nje uangalie ukuta ule ule kwa nje, ukiukuta na huko sehemu ile ile basi umepita kwenye tofali na maneno ya plasta yameisha. Angalia unapanuka wapi, juu au chini. Pitisha kidole uone kama upande mmoja umeingia ndani kuliko mwingine. Halafu uliza linta, maana siku hizi watu wanaweka vipande juu ya madirisha tu badala ya kuifunga linta izunguke nyumba nzima na nondo zake, wanaokoa simenti wanapoteza nyumba. Mimi nahisi hiyo nyumba haina linta ya kuzunguka.

Huo unga mweupe ni chumvi, maji yanapanda toka chini. Hawakuweka nailoni chini ya jamvi wala juu ya msingi.

Mwalimu wa Cheyo
Fundi Sururu nakuheshimu ila soma tena post ya kwanza. Kasema ufa unatoka kona ya CHINI ya dirisha kwenda sakafuni. Linta iko juu ya dirisha, hapo haihusiki. Pembeni ya dirisha ukuta unabeba paa, chini ya dirisha haubebi kitu, kwa hiyo msingi ukiwa dhaifu pale pembeni panashuka na chini ya dirisha panabaki juu, panachanika kwenye kona. Tatizo liko chini ya ardhi.

Fundi Sururu
Mwalimu kwa huo wa chini nakubaliana na wewe. Ila nyumba ambayo haijafungwa juu inacheza yote, kwa hiyo linta bado aiulize.

Mama Wawili Isevya
Kaka Mgeni karo la maji machafu liko wapi? Hakuna aliyeuliza. Dada yangu alinunua nyumba nzuri kabisa ya mwaka mmoja na nusu, chumba kimoja ukuta hauishi kububujika chumvi, wakapaka rangi ya mafuta, wakabandua wakapiga plasta upya, wapi. Kumbe shimo la maji machafu limejengwa karibu na msingi na halikusakafiwa vizuri ndani, maji yote yanaingia chini ya nyumba. Walihamisha shimo ndo ukuta ukakauka.

Mgeni wa Ipuli
Dada umenishtua. Karo liko nyuma na ni upande huo huo wa hicho chumba, hatua chache tu toka ukutani. Pia kuna kisiki cha mwembe mkubwa umekatwa hapo nyuma.

Kiloleni Kwetu
Basi mwembe umekwisha semwa. Mizizi imeingia chini ya msingi.

Bwana Shamba Tumbi
Mizizi yenyewe haina nguvu ya kunyanyua nyumba kirahisi hivyo. Kinachotokea ni maji. Mti mkubwa unanyonya maji ardhini kiangazi udongo unasinyaa, ukiukata maji hayanyonywi tena udongo unavimba. Hayo yanatokea kama udongo ni ule mweusi wa mbuga au mfinyanzi mzito. Kama ni mchanga mwekundu wa juu juu hata ukikata miembe kumi hakuna kitu. Tabora tuna udongo wa aina zote, mtaa mmoja huu mwekundu, ukishuka bondeni kidogo unakuta mweusi. Swali la kwanza kwa mleta uzi: udongo wa hapo ni rangi gani? Na kiangazi hiki unapasuka mipasuko ya kuingiza vidole?

Mgeni wa Ipuli
Uwanja wote kamwaga kifusi chekundu na mbele kaweka pevingi, sioni udongo wa asili.

Bwana Shamba Tumbi
Tazama kiwanja cha jirani ambacho hakijajengwa, au shimo lolote la takataka. Udongo ni ule ule.

Na jambo lingine: sasa ni Agosti. Kama ni mbuga, ufa wako unaelekea kwenye upana wake mkubwa sasa hivi, masika yakianza Novemba Desemba utajibana wenyewe. Kama msingi unadidimia basi mvua haitaufunga ufa, itauongeza. Chukua penseli ukwaruze mstari kila mwisho wa ufa uandike tarehe pembeni, kwa upande wa nje ambako hawajapaka rangi nzito.

Dalali Wa Haki
Sasa mnataka mtu asubiri mpaka Desemba na mteja mwingine yupo?

Kiloleni Kwetu
Huyo mteja mwingine huwa yupo kila nyumba, sijawahi kumwona kwa macho.

Mgebuka wa Kibirizi
Watani zangu wa Tabora poleni na udongo 😂. Sisi huku mwisho wa reli shida yetu ni mteremko na ziwa. Kigoma unaweza kuoneshwa nyumba mpya nzuri Mlole au Bangwe inatazama Tanganyika, upepo mwanana, ukasahau kuangalia nyuma. Nyuma kuna kilima kimechongwa, ukuta wa kuzuia udongo hauna matundu ya kutolea maji, mvua za Machi Aprili udongo unasukumwa wote mpaka dirishani. Kwa hiyo wa Kigoma mkague ukuta wa nyuma kabla ya sebule. Na walioko chini huku, maji ya ziwa yalipopanda miaka hii kuna watu wamehama kabisa. Ukiona nyumba karibu na maji inauzwa bei ya kutupa uliza kwanza alama ya maji yalifika wapi, na sheria inataka uwe mita 30 kutoka ufukweni.

Dada wa Hati
Mgebuka hapo kwenye mita umechanganya. Sheria ya Mazingira ya 2004 ni mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 30 ni hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, kila upande kutoka katikati ya barabara, Sheria ya Barabara ya 2007. Zote mbili zinavunja nyumba za watu kwa hiyo zijue.

Mgeni wa Ipuli mimi nakuomba kabla hujagonga ukuta ugonge karatasi. Nyumba ikiwa mpya watu wanaona macho tu, karatasi wanaziacha. Ana nini mkononi? Hati, barua ya ofa, au mauziano ya serikali ya mtaa? Kama ni hati nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi ujue kama jina ni lake, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna zuio la mahakama. Kopi aliyokuonesha kwenye simu haitoshi. Angalia muda, hati huwa miaka 33, 66 au 99 na inahesabiwa tangu ilipotolewa. Uliza kodi ya pango la ardhi imelipwa mpaka lini, deni linafuata kiwanja.

La pili na hili nalisisitiza sana: huyo mwenye nyumba ana mke? Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Kahamia Mwanza, mke yuko wapi? Aje mwenyewe asaini, siyo sauti ya simu. Nimeshaona kesi mtu amenunua, amehamia, ameweka mapazia, mke anatokea na watoto. Hiyo inaumiza pande zote na mama anakuwa hana kosa.

La tatu lete mpima ardhi ahakiki bikoni za mipaka. Nyumba mpya inaweza kuwa imara kabisa ila kona ya jiko iko kwenye kiwanja cha mtu.

Mama Wawili Isevya
Ubarikiwe dada. Hilo la mke ni kweli kabisa.

Mwalimu wa Cheyo
Na kibali cha ujenzi cha Manispaa aombe akione, kinakuja na michoro. Michoro inakuambia linta ipo wapi na msingi una kina gani, angalau kilichotakiwa kujengwa.

Fundi Sururu
Michoro mwalimu? Nyumba nyingi mchoro unaenda Manispaa na fundi anajenga kingine.

Umeme Mpera
Mi ntaongelea umeme tu. Fungua sakiti breka uangalie waya, washa kila swichi, chomeka pasi kila soketi wakati huo huo taa zote zinawaka uone kama zinafifia. Tafuta eathi rodi nje, ile fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini, nyumba nyingi mpya hata haipo au ipo fupi imechomekwa kwenye kifusi kikavu na masika yetu yana radi mbaya. Mita ya Luku hakikisha jina na usijisahau madeni, kodi ya majengo inakatwa humo humo shilingi 1,000 kila mwezi, nyumba ikikaa bila mtu miezi mingi siku ukinunua tokeni ya kwanza inakatwa yote kwa mpigo.

Dada wa Hati
Ilikuwa 1,000 ilipoanza 2021. Tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka.

Umeme Mpera
Sawa dada shukrani. Ila kanuni ni ile ile, anunue tokeni ndogo mbele ya muuzaji aone inakatwa kiasi gani.

Nyamwezi wa Kaliua
Hamjagusa paa. Sasa hivi kiangazi kila paa halivuji 😀. Panda darini na tochi, usikubali kuambiwa funguo ya mlango wa dari haipo. Angalia mwanga wa jua unaopenya kwenye matundu ya misumari. Angalia jipsamu kama kuna duara za rangi ya chai, hasa kwenye maungio na pembeni ya ukuta, wakipaka rangi ya maji juu yake baada ya muda inatoka tena. Bati uliza geji, watu wengi wanadhani 32 ni nzuri kwa sababu namba kubwa, ni kinyume, 28 ndo nene na 32 ndo laini. Kenchi ziwe mbao zilizotiwa dawa, ile ya kijani kijani. Na uchungulie pale mbao zilipokatwa kwa msumeno, dawa haifiki katikati, fundi mzuri anapaka tena pale alipokata.

Bwana Shamba Tumbi
Umesema vizuri na niongeze mchwa. Hii ni nchi ya miombo, vichuguu vipo kila mahali, wengine wanasawazisha kichuguu wanajenga juu yake bila kumtoa malkia wala kumwaga dawa. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili unaona njia nyembamba ya udongo inapanda nyuma ya fremu ya mlango. Gonga fremu zote kwa kifundo cha kidole kuanzia chini, mahali pametafunwa panatoa sauti tupu. Fungua kabati za ukutani uangalie nyuma.

Kiloleni Kwetu
Kama milango ni mninga mchwa hawagusi. Tabora ndo kwao mninga.

Nyamwezi wa Kaliua
Kiini cha mninga hawakigusi, ule weupe wa pembeni wanakula vizuri tu. Na siku hizi nyumba za kuuza wanaweka mbao ya msonobari toka Mafinga wanapaka rangi ya mninga. Nyanyua mlango kwenye bawaba, mninga una uzito wake. Chungulia ukingo wa juu wa mlango ambako hawapaki rangi, utaona mbao yenyewe.

Mgebuka wa Kibirizi
Hilo la ukingo wa juu sikulijua, naenda kuangalia milango yangu leo leo.

Mama Wawili Isevya
Turudi kwa Mgeni jamani. Kaka fungulia bomba zote kwa pamoja, vuta maji vyoo vyote, halafu ukae. Usiondoke. Nenda kwenye chemba nje mtu avute maji ndani uone yanapita haraka au yanasimama. Uliza karo lilinyonywa lini, nyumba ya miaka miwili iliyokaliwa kidogo ikiwa limeshanyonywa basi shimo halinyonyi, na kwenye mfinyanzi masika ndo balaa zaidi. Maji ya TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, omba bili ya mwisho. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mji umepumua siyo kama enzi za kutegemea bwawa la Igombe, ila uliza majirani presha ikoje mtaani kwenu, na simtanki limewekwa juu ya nini, usikute mnara wa tofali hauna nguzo. Na majirani hao hao waulize mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Mwenye nyumba hatakwambia, mtoto wa jirani atakwambia.

Dalali Wa Haki
Hapa Mama kasema kweli tupu. Mteja anayekuja na ndoo ya maji na tochi namheshimu kuliko anayekuja na suti. Mimi nyumba zangu nakubali mtu aje na fundi.

Mgeni wa Ipuli
Wakuu mrejesho. Nimerudi leo asubuhi na fundi umeme na kijana wa tailizi. Eathi rodi HAIPO. Tailizi za sebuleni kama robo hivi zinalia tupu ukigonga. Ufa kwa nje upo, sehemu ile ile, sarafu haiingii ila wembe unaingia. Kiwanja cha jirani udongo ni mweusi kwa chini juu ni mwekundu. Vyoo vinapitisha maji vizuri. Mke wa mwenye nyumba yupo na amepiga simu mwenyewe anasema atakuja kusaini, hati ipo ila bado sijafanya upekuzi. Nimemwambia muuzaji kuhusu ufa, amekasirika kidogo halafu akasema anashuka mpaka 61.

Bwana Shamba Tumbi
Mweusi chini, mwekundu juu. Nilisema. Hiyo inapumua na misimu, ya kuishi nayo kama msingi ni wa kina.

Mwalimu wa Cheyo
Mkuu juu mwekundu unaweza kuwa ni kifusi pia. Msingi umekaa kwenye kipi? Kama umeishia kwenye kifusi ambacho hakikushindiliwa basi unashuka, mbuga haina kosa.

Fundi Sururu
Kuna njia moja ya kumaliza ubishi. Mwombe akuruhusu kuchimba shimo dogo pembeni ya kona ile, mpaka kitako cha msingi. Utaona kina, utaona ni mawe au tofali, utaona udongo umekalia nini, na kama kuna unyevu toka karo utauona. Ni kazi ya kijana mmoja nusu siku, unafukia unashindilia. Muuzaji akikataa shimo nawe kataa nyumba. Kushuka milioni 7 haraka hivyo mimi kunanipa wasiwasi, si furaha.

Dalali Wa Haki
Kushuka bei siyo dalili ya ubaya fundi, mtu yuko Mwanza nyumba inalala tupu anahitaji hela.

Dada wa Hati
Usitoe hata advansi kabla ya upekuzi. Na mkikubaliana mkataba uwe wa maandishi, uandikwe kwamba ufa na tailizi vimeonwa na punguzo limetolewa kwa ajili hiyo. Malipo yoyote ya serikali dai kontrol namba. Kodi ya ongezeko la mtaji TRA ni ya muuzaji, ushuru wa stempu huwa anabeba mnunuzi, msipoandika mapema mtagombana mwishoni.

Mgeni wa Ipuli
Asanteni sana nyote. Muuzaji amekubali shimo, tunachimba Jumamosi. Fundi Sururu nakutafuta inboksi.

Kiloleni Kwetu
Mtakuta mzizi wa mwembe.

Mama Wawili Isevya
Mimi bado nasema ni karo. Mwambieni kijana achimbe kona iliyo upande wa karo, asije akachimba upande wa barabarani kwa sababu ni rahisi.